Kitufe cha Upande wa Akina Mama

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ngazi na taa tatu, nikaambiwa nizifunge kwenye baraza ya hoteli moja kule Shelly Beach, Likoni. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ufundi, cheti mfukoni na kiburi kichwani. Nikazifunga kwa kuzipanga: waya ukaingia taa ya kwanza, ukatoka ukaingia ya pili, ukatoka ukaingia ya tatu, ndipo ukarudi. Nilipowasha, zote tatu zikatoa wekundu hafifu, kama makaa yanayotaka kupepewa.

Fundi mkuu wa hoteli, mzee wa Likoni asiyekuwa na haraka hata ya kukohoa, akaja akatazama juu.

"Taa hizi zina homa?"

"Umeme ni mdogo leo, mzee."

"Umeme hauna neno. Wewe umeita wageni watatu ukawapakulia sahani ya mtu mmoja."

Akapanda ngazi mwenyewe, akafungua globu ya katikati. Zile mbili nyingine zikazimika papo hapo. Akanieleza kwamba huo ndio mfuatano: njia ni moja tu, umeme unapita kwa huyu ndipo ufike kwa yule, nguvu wanagawana, na mmoja akikatika wote wamekatika. Kisha akanionyesha sambamba. Waya ule wa moto na ule wa kurudi hutandazwa zote mbili, na kila taa ikajichotea yenyewe kutoka kwa zote mbili. Hapo kila moja hupata nguvu kamili, na kufa kwa mwenzake hakumhusu. Ndivyo nyumba zenu zilivyofungwa, vijana. Globu ya msalani ikiungua, friji haina habari.

Nilikaa pale hotelini miaka minne, na somo lile nikalishika hata nikalipita kiasi. Nikawa naamini kwamba sambamba ndiyo akili na mfuatano ni ujinga. Nikikuta mahali pamefungwa kwa mfuatano, sikunyamaza. "Nani huyu aliyefanya haya?" nauliza, mbele ya watu. Mdomo wangu mimi haukuwahi kunisaidia, muulizeni mke wangu.

Kutoka Likoni nikaenda Changamwe, kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya nazi. Msimamizi wangu alikuwa foremani wa umeme, mtu wa bara aliyekaa pwani mpaka Kiswahili chake kikanyooka kuliko cha wengi wetu tuliozaliwa hapa. Alikuwa na sharti moja. Kila kazi iandikwe kwenye daftari la karakana, na mwisho wake liandikwe neno "imejaribiwa", kisha fundi atie sahihi. "Usiliandike neno hilo kabla mkono wako haujalifanya," alikuwa akisema. Wallahi, nilimwona mtu wa makuu kwa vijambo vidogo.

Mle kiwandani mlikuwa na mkanda mrefu uliobeba mbata, ile nazi iliyokaushwa, kuipeleka kwenye kinu. Akina mama walisimama kando ya mkanda wakichambua mawe na vifuu. Kitufe cha kuusimamisha kilikuwa kimoja tu, huko mbele karibu na kinu, na wao wako nyuma. Bi Kadzo, Mgiriama, mama wa watoto wanne, ndiye aliyekwenda kuwasemea wenzake: nao wawekewe kitufe upande wao, maana mtu akinaswa, nani atakimbia mpaka kule? Ofisi ikakubali, nami nikapewa kazi.

Ilikuwa Ijumaa. Mashine zilikuwa zimezimwa kwa mapumziko. Nikafikiri, vitufe viwili, basi sambamba. Kimoja kikiharibika kingine kiwepo. Nilikuwa nafunga kifuniko cha kisanduku niliposikia adhana. Nikatazama saa, nikatazama daftari. Nikaandika "imejaribiwa", nikatia sahihi, nikaenda kuswali swala ya Ijumaa na uongo wangu mkononi.

Mashine zikawashwa tena, na kabla ya alasiri nikasikia mayowe. Ncha ya leso, ile kanga aliyojifunga Bi Kadzo, ilinaswa kwenye mkanda, na mkanda ukawa unamvuta. Akabonyeza kile kitufe kipya. Mkanda haukusimama. Akabonyeza tena na tena, naye huku anaburutwa. Mwenzake akamkumbatia kiunoni, wakang'ang'ana na fundo la leso mpaka likafunguka, na leso ikaenda peke yake kinuni. Foremani alikimbilia swichi kuu akakata umeme wa kiwanda kizima. Leso ilitoka vipande vipande.

Meneja akashuka. Umeme umekatwa, kwa hiyo hapakuwa na cha kujaribu. Akaitisha daftari, akasoma, akaona sahihi yangu.

"Kitufe kizima," akasema. "Huyu mama alibabaika, hakubonyeza. Na leso ndefu hivi kwenye mashine nani amemruhusu? Jumatatu asije."

"Nilibonyeza," akasema Bi Kadzo. Alikuwa ameketi juu ya gunia. "Nilibonyeza mpaka kidole kikauma."

Nami nimesimama pale, nimekwisha kuelewa. Ndani ya kitufe cha kusimamishia mna vyuma viwili vinavyogusana, na ukibonyeza vinaachana, njia ya umeme inakatika, mashine inasimama. Sasa mimi nilikuwa nimeupa umeme njia mbili. Bi Kadzo alipokata ya kwake, umeme ulipitia kitufe cha mbele, ukaendelea na safari yake. Ile sifa ya sambamba niliyokuwa nikiringa nayo, kwamba mmoja akikatika wengine hawana habari, ndiyo iliyotaka kumwua mtu. Vitufe vya kusimamisha hufungwa kwa mfuatano, ili yeyote akikata, vyote viwe vimekatika. Vya kuwasha ndivyo vya sambamba, kwani yeyote na awashe.

Na shetani naye hakuwa mbali. Nilijua ningeweza kufungua kisanduku, nihamishe waya mmoja, nifunge, na asijue mtu. Nilikuwa nimeoa mwaka ule. Nilimwangalia foremani, naye ananiangalia. Niliona haya ambayo sijaiona tena maishani mwangu.

"Alibonyeza," nikasema. "Mimi ndiye niliyefunga vibaya. Na sikujaribu, niliandika tu."

Meneja akanigeukia, akasema basi Jumatatu nisije mimi. Foremani akamjibu kwa upole, "Bwana, kazi hii haijaisha. Fundi hafukuzwi na kazi yake ingali wazi. Aimalize kwanza, nami nitakuja ofisini tuzungumze." Sijui walizungumza nini. Ninachojua ni kwamba miezi mitatu nilibeba ngazi za wenzangu na sikushika waya, kisha nikarudishiwa kazi yangu. Bi Kadzo naye akabaki kazini. Foremani yule ametangulia mbele ya haki, na sijapata kuswali nikasahau kumwombea.

Jioni ile ile nilifunga upya, foremani kasimama mgongoni kwangu. Nilipotaka kujaribu, Bi Kadzo akainuka kwenye gunia.

"Ngoja. Nabonyeza mimi."

Mkanda ukawashwa, akabonyeza, ukasimama. "Washa tena," akasema. Akabonyeza mara tatu, ndipo akaenda zake nyumbani.

Sasa nimestaafu, niko kwangu Junda, na baada ya Changamwe nilifanya kazi kwingine kwingi, mpaka nami nikaitwa foremani. Vijana huja kuniuliza ipi bora, mfuatano au sambamba. Nawaambia wajiulize kwanza wanafunga nini na nani atakayesimama pale. Nimebarikiwa na watu walionifundisha, alhamdulillahi, lakini ninayemshukuru zaidi ni Bi Kadzo, na kwa jambo ambalo wakati ule lilinichoma.

Nilimpelekea doti ya leso kumtaka radhi, akaipokea kwa mikono miwili. Nikadhani yamekwisha. Asubuhi iliyofuata mkanda ulipowashwa, yeye hakugusa mbata. Akabonyeza kwanza, ukasimama, ndipo akaanza kazi. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa. Mwaka ukaisha, anabonyeza. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Bi Kadzo, kwani hujanisamehe?"

"Nimekusamehe zamani, fundi," akasema. "Lakini nina watoto wanne."

Sikumwuliza tena. Nikawa nafika mapema kila asubuhi, nasimama kando ya kisanduku, nangoja abonyeze.