Kilo Arobaini na Nne

Tulikuwa wanawake wanne tukichoma mawe ya chokaa karibu na Luvungi. Siku moja patron, bosi mwenye tanuri, alipima: kilo mia moja za mawe ziliingia tanurini, zikatoka kilo hamsini na sita za chokaa. Akatuita wezi, akaamuru tufungue vitenge atupekue.

Nilikataa. Kemia niliisoma mu darasa lisilo na hata chupa moja ya majaribio, lakini niliisoma. Nikaokota kipande cha makala, mkaa wa tanurini, nikamwandikia hesabu kwenye ukuta wake mweupe: jiwe likiungua, katika kila kilo mia, arobaini na nne hugeuka hewa.

“Ziko wapi basi?” akafoka.

“Tangu asubuhi unazivuta, patron. Anza kupekua mapafu yako.”