Feni Isiyopiga Kelele

Mpiga chapa alifanyia kazi zake kando ya kitanda cha mama yake mgonjwa, kwa kuwa chumba kilikuwa hicho hicho kimoja. Kompyuta ilinguruma kama mashine ya kusaga.

"Mwanangu, kichwa kinanipasuka," mama alilalamika.

Binti akaipeleka kompyuta kwa fundi, naye akamtolea feni mbili za kupoza prosesa.

"Dada, hii ndogo hukimbia mno, ndiyo maana inapiga kelele. Chukua hii pana, yenye bati kubwa la mapezi kama ya samaki. Bati linabeba joto, feni inazunguka taratibu."

Akaichukua hiyo pana, fundi akaifunga ndani ya kompyuta.

Mchana ule alipowasha kompyuta, chumba kilitulia tuli. Mama akatabasamu, akafumba macho. Ndipo binti akazisikia pumzi za mama yake: zilikoroma, zikakatika, kisha zikaanza tena kwa taabu. Kumbe ngurumo ile ilikuwa imemficha mengi! Akaacha kuchapa, akampigia kaka yake simu.

"Kaka, njoo leo. Usingoje Jumamosi."

Kaka alifika jioni, akamkuta mama yu hai, ila kauli imeshamkatika. Wakaketi huku na huku kitandani wakisikiliza, mpaka pumzi zikakoma.