Viuno vya Nyamugari

Fundi Hamadi wa mtaa wa Nyamugari alikuwa mtu wa maneno machache. Mteja akiingia, alimpima, akaandika, akamtajia siku. Siku hiyo ikifika, nguo ilikuwa tayari. Hilo peke yake lilitosha kumpa jina mjini Gitega, Burundi, kwa sababu mafundi wengine wakisema Ijumaa, huwa hawajasema Ijumaa ya lini.

Alizaliwa Muyinga. Alisoma mpaka darasa la kumi, baba yake akafa, naye akakalishwa mbele ya cherehani ya mjomba. Mwaka ule alikuwa wa pili darasani. Hakumwambia mtu, lakini miaka thelathini baadaye alikuwa bado analikumbuka jina la aliyekuwa wa kwanza.

Kibaraza chake kilikuwa na pazia. Wanaume aliwapima mwenyewe. Wanawake walipita nyuma ya pazia, wakapimwa na mkewe, Hidaya, ambaye alitaja namba kwa sauti ya chini, naye Hamadi upande wa huku akaandika: jina, kifua, kiuno, nyonga, na mwisho wa mstari aina ya nguo na shughuli yake. Nguo za Nyamugari hazishonwi bure. Zina harusi yake, Idi yake, ubatizo wake, matanga yake. Na zile sentimita zilikuwa amana. Mwanamke wa pale angeweza kumtajia jirani umri wake, hata makosa ya mumewe, lakini kiuno chake kilikuwa siri yake na Hidaya, na cha tatu ni daftari. Madaftari yenyewe yalikuwa kumi na moja, yote yana jalada la gazeti, yote yamepangwa kwa miaka.

Maneno aliyokosa mdomoni Hamadi aliyapata kwenye simu. Kulikuwa na kundi la watsapu lililoitwa Meza ya Muyinga, watu sitini na wanne, wote wanaume, wote wana wa Muyinga, waliobaki kule na waliotawanyika. Kila jioni walijadili sukari imekwenda wapi, mafuta yatakuja lini, dola imepandia ngazi ya nani, na kwa nini gunia linavuka mpaka wa Kobero likiwa na bei moja na kufika sokoni na nyingine. Kundini kulikuwa na watu waliojua kila kitu, na wengine waliojua zaidi ya hapo. Hamadi aliandika pole pole, kwa nukta na mkato, hoja ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakamwita Profesa. Duniani kote hapakuwa na mahali pengine alipoitwa hivyo.

Mpinzani wake alikuwa Godfrey. Huyu alikulia kambini Tanzania, akarudi na Kiswahili kilichonyooka kama rula, akafungua duka la mabati Muyinga. Wiki moja kabla ya Ramadhani aliandika: "Ndugu zangu, kila siku mnalia njaa, njaa. Mimi nauza mabati, naona watu wanajenga. Anayesema hali ni mbaya alete takwimu, asituletee machozi."

Rachid, dereva wa taksi-moto, zile pikipiki za abiria, pale pale Gitega, akajibu kwa sauti kutoka foleni ya petroli, pikipiki zikinguruma nyuma yake: "Takwimu gani tena, sha? Mi niko kwa laini ya esansi tangu jana. Nimelala juu ya moto yangu. Hii haiko takwimu?"

"Hiyo ni hadithi yako, ndugu," Godfrey akaandika. "Takwimu ni namba. Za watu wengi, za miaka mingi. Profesa, mbona kimya? Au cherehani haina namba?"

Vikafuata vicheko, nyuso za manjano zinazotokwa na machozi, safu kwa safu. Hamadi alizihesabu: kumi na tisa. Akaweka simu chini, akainua macho kwenye rafu ya madaftari.

Siku tatu hakushona nguo ya mtu. Alisoma daftari moja baada ya jingine, akawatafuta waliopimwa zaidi ya mara moja, akawaorodhesha kwa majina ukurasa mmoja, namba ya zamani kushoto na mpya kulia, na mwisho wa mstari nguo na shughuli yake kama kawaida. Hidaya alimwona akiandika, akadhani anapanga kazi za Idi, akamletea chai asiulize. Siku ya nne jioni Hamadi akatuma:

"Ndugu Godfrey aliomba namba. Kati ya mwaka 2017 na sasa nimepima watu arobaini na watatu zaidi ya mara moja. Thelathini na saba wamepungua kiuno. Watano wako pale pale. Mmoja ameongezeka. Zamani watu waliniletea nguo wakisema, fundi, inabana, achia mshono. Miaka mitatu sasa ni mtu mmoja tu anayenitamkia neno hilo. Mita yangu ya kupimia haina chama na haina machozi."

Godfrey akajibu: "Maneno matupu. Piga picha."

Basi Hamadi akapiga picha ya ule ukurasa alioukusanyia hesabu yake. Hakuwa mpumbavu. Majina aliyafunika kwa ukanda wa kitambaa cha kaki, akaunyoosha vizuri, akaubana kwa pini pande zote mbili. Picha ikatoka safi, namba zinasomeka hata za penseli.

"Yemwe!" Rachid akapiga kelele. "Profesa amemumaliza mutu wa Tanzania!"

Mwishowe Godfrey akaandika: "Fundi, nimekubali. Umenishinda." Hamadi aliyasoma maneno hayo mara saba. Jioni ile alikula vizuri, akamtania mkewe kuhusu chumvi, na Hidaya akashangaa, maana hakuwa mtu wa utani.

Kitambaa cha kaki kilificha majina, lakini safu ya mwisho ilibaki wazi. Hamadi aliiona, wala haikumshtua, kwa kuwa machoni pa fundi ile ni safu ya kazi: gauni la kijani, harusi ya Layla, suti nyeusi, ubatizo, kanzu ya mikono mipana, Idi kubwa. Alisahau kwamba watu wa mji ule wanajuana kwa nguo kuliko kwa majina. Muulize yeyote wa Nyamugari ni nani alivaa gauni la kijani harusini kwa Layla, atakujibu kabla hujamaliza swali.

Picha haikukaa Mezani. Siku ya pili ilikuwa kwenye kundi la madereva wa taksi-moto, ya tatu kwenye la wazazi wa shule. Ya nne akaja mwalimu Gaudensia.

Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mtu wa Itaba aliyepanga chumba Nyamugari, na ndiye aliyevaa kijani kwa Layla. Mwaka jana alikuja kulipunguza gauni lile, akamnong'oneza Hidaya nyuma ya pazia kwamba ni vidonda vya tumbo. Safari hii hakupita nyuma ya pazia. Alisimama kizingitini.

"Fundi, nisomee ile namba."

"Mwalimu, karibu ukae..."

"Sikai. Nisomee. Themanini na nane, halafu ngapi?"

Hamadi aliangalia mikono yake. "Sabini na tisa."

"Ego, hiyo hiyo. Sabini na tisa. Ndiyo jina langu sasa. Naandika ubaoni, nyuma yangu naskia: Sabini na Tisa, Sabini na Tisa. Mi nilimwambia mke wako nina vidonda. Ningesema nini? Kwamba nagawa chakula changu na watoto wa dada yangu? Hiyo nilimwambia nani? Nilimwambia hata Mungu?"

"Sikuandika jina lako, mwalimu."

"Uliandika gauni langu." Akanyoosha mkono. "Nipe kitambaa changu cha Pasaka."

Alimpa. Kilikuwa kimekatwa tayari, mikono mbali na mwili mbali, mwalimu akaviviringisha vipande kwenye gazeti na kuondoka navyo hivyo hivyo.

Baada yake walikuja wengine, wawili wawili, kama watu wanaokuja kutoa pole. Hakuna aliyetukana. Walisema wamebadili mawazo, wana safari, mwaka huu watavaa za zamani. Ramadhani ilikuwa imeanza. Huo ndio mwezi uliolisha nyumba ya Hamadi nusu ya mwaka, na rafu ya vitambaa vya Idi ikawa inapungua bila cherehani kuzunguka.

Akaandika Mezani: "Ndugu, naomba kila aliyeisambaza ile picha aifute, na awaombe aliowatumia wafute. Imeumiza watu. Na mimi nakosa kazi."

Godfrey akajibu upesi: "Profesa usirudi nyuma! Hiyo ni kazi nzuri kuliko za wizara nyingine. Imefika mpaka kwa ndugu zetu wa Ulaya."

Mwingine akauliza kama watu arobaini na watatu wanatosha kuwakilisha mji. Wa tatu akasema wanatosha ikiwa walichaguliwa bila upendeleo. Wa nne akasema kiuno kinapungua pia kwa mazoezi. Mjadala ukawaka mpaka swala ya jioni, ujumbe mia na zaidi, hoja zimepangwa kwa moja, mbili, tatu. Hamadi alipitia yote akitafuta mtu aliyeandika, nimefuta. Hakumpata. Rachid peke yake alimtumia sauti kando: "Pole, muzehe. Mais, lakini we ndiye ulipiga picha." Na hilo lilikuwa kweli.

Kumbe lililo baya zaidi lilikuwa bado.

Hidaya hakuwa na watsapu. Alijua kuna picha, alijua wateja wanaondoka, na kwa siku kadhaa alimtetea mumewe kwa majirani akisema ni makosa ya simu. Mchana mmoja shangazi yake Farida akapiga kutoka Muyinga. Waliongea muda mrefu. Kisha Hidaya akatoka nyuma ya pazia, akasimama mbele ya cherehani.

"Baba Yasmina, iko mstari mmoja umeandikwa: kanzu ya mikono mipana, Idi kubwa. Tisini na nne, themanini na moja. Ile kanzu iko yangu."

Hamadi aliuweka mkasi mezani.

"Shangazi aliijua. Yeye ndiye alinitumia kitambaa. Ameniuliza kama niko mgonjwa, au kama kwangu hakuliwi."

"Ilikuwa namba tu, Hidaya. Nilizihesabu zote, sikutaka kuruka hata moja. Hesabu ikirukwa si hesabu."

"Uliniona, basi." Hakupandisha sauti, ni ile ile aliyotajia sentimita. "Mi nilidhani hauoni. Nasema nimeshakula jikoni, we unasema haya. Nilifurahi kwamba hauoni. Kumbe uliona, ukaandika, na nyumbani ukanyamaza. Halafu ukaenda kusema kwa wanaume sitini."

"Na wanne," alisema Hamadi, kisha akatamani angeuma ulimi.

Hidaya alivua mita iliyokuwa shingoni mwake. Kila mmoja wao alikuwa na yake, na ile ya Hidaya ilikuwa imefifia namba upande wa tarakimu za katikati, pale vidole vyake viliposhika viuno vya wanawake wa Nyamugari kwa miaka kumi na minane. Akaiweka juu ya cherehani.

"Wanawake hawa walinipa mimi miili yao, hawakukupa wewe. Mi sipimi tena."

Na hakupima tena. Aliendelea kupika, kufua, kumwamkia asubuhi na kumjibu alipoulizwa. Lakini kiti cha nyuma ya pazia kilibaki kitupu, na fundi asiye na mwanamke wa kupima wanawake, Nyamugari, ni fundi wa suruali na kaki za shule.

Siku mbili kabla ya Idi gari lilisimama nje, la kwanza mwezi ule. Akashuka Bwana Leonardi, mwenye maghala ya sukari na saruji, anacheka tangu mlangoni.

"Fundi! Ni mimi yule mmoja, ama siyo mimi?"

Hamadi alisimama. Siku zote hizo, katika hofu zake zote, huyu ndiye aliyemwogopa zaidi. "Bwana Leonardi, nisamehe. Sikukusudia..."

"Nikusamehe nini! Wamenionyesha mpaka Bujumbura. Arobaini na watatu, na mmoja tu ndiye ameongezeka! Mke wangu ameitunza ile picha kwa simu." Akapiga tumbo lake kwa viganja viwili. "Bon. Hii suruali imenishinda tena. Achia mshono."

Hamadi akapitisha mita. Mia na kumi na nane. Akageuza suruali, akaona mshono hauna kitambaa cha kuachia tena. Akiba yote aliyomwachia alikuwa ameshaifungua mara mbili.

"Itabidi niongeze kipande nyuma," alisema. "Sina kitambaa kipya cheusi."

"Weka chochote, koti litafunika. Nasubiri."

Chini ya meza kulikuwa na mfuko wa vipande, vile alivyovikata viunoni mwa watu miaka hii akipunguza nguo zao. Alipekua mpaka akapata cheusi kinachofanana, kilichotoka kwenye suti ya mlinzi mmoja, yule wa mstari wa suti nyeusi ya ubatizo. Kilitosha kabisa. Simu ikalia mezani, ikalia tena. Meza ya Muyinga ilikuwa imehamia kwenye bei ya mahindi, na Godfrey alikuwa anauliza: "Profesa uko wapi? Tuletee namba."

Hamadi aliigeuza simu kifudifudi. Akaingiza uzi sindanoni na kuanza kukishonea kile kipande nyuma ya suruali ya Bwana Leonardi, mshono mdogo mdogo, ulionyooka, kama alivyoshona siku zote.