Baridi ya Mlimani Hutoka Chini

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku ambayo mjomba wako Barasa alituuliza kama tumefika Njiru, kule mitaani Nairobi. Hatukuwa Njiru. Tulikuwa juu ya Mlima Kenya, ndani ya hema, mvua ya mawe inapiga turubai, na sisi sote tukacheka.

Nekesa, nakuandikia kwa sababu nikija kuongea nitapiga kelele. Jana nilipita kwenu nikaona ulichotandaza kitandani, tayari kwa safari ya Ijumaa na vijana wa kanisa. Godoro la kujaza hewa, la bluu, nene kama keki ya harusi. Ulilirukia ukaniambia, "Mama mdogo, hebu gusa! Hii ni hoteli!" Na mama yako, ambaye ni dada yangu na anajua yaliyotupata, amesimama hapo anatabasamu. Niliondoka kabla sijasema neno ambalo lingetugombanisha hadi Krismasi. Sasa nalisema: godoro hilo hulali juu yake mlimani. Kaa chini nikuambie kwa nini.

Mjomba wako huwaambia nyinyi watoto kwamba kule alishikwa na homa. Si kweli. Homa ingekuwa afadhali.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kama wewe sasa. Tulitoka Makadara kikundi kizima cha vijana, Barasa akiwa ndiye mkubwa na mwenye mdomo mrefu kuliko wote. Unajua desturi yetu, mtu akienda mahali pa baridi lazima afunikwe. Siku ya kuondoka akina mama wa kanisa walikuja nyumbani, kila mmoja na blanketi lake, wakayaombea, wakampa Barasa. Ungewakatalia vipi? Mkoba ukajaa mablanketi. Kwa hivyo alipokuwa anatafuta kitu cha kulalia, alitaka kinachokunjika kikawa kidogo, na godoro la hewa likikunjwa unaweza kulibeba kwapani. Muuzaji alimwambia ni la wageni. Hakudanganya. Ni la wageni wa sebuleni.

Sisi wengine tulikodi mikeka ya sponji ya kijivu, migumu, myembamba. Barasa alituchoma kwa maneno njia nzima.

"Nyinyi mtalala juu ya chapati," alisema. "Tena chapati ya jana."

"Na wewe umebeba kitanda kizima, buda. Kesho utabeba kabati."

"Mtaniomba nafasi. Nitawatoza kodi."

Tulifika kambini mchana. Barasa alikuwa ametoka jasho, shati limelowa, na badala ya kubadilisha akajaza godoro lake, akajilaza, akajifunika mablanketi yote ya akina mama. Mvua ya mawe ikaanza. Ardhi ya kule, hata jua likiwaka, ukiishika ni kama umeshika chuma. Tukamwacha apumzike.

Saa ya kula, kabla giza halijaingia, niliingia hemani kumwita. Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nikawaita wenzangu. Tukamwongezea mablanketi yetu, jaketi zetu, hata taulo. Akaacha kutetemeka. Tukafurahi, tukasema sasa amepata joto. Ndipo akafumbua macho, akatuangalia polepole, akasema, "Tumefika Njiru? Ambia kondakta anishushe."

Tulicheka, Nekesa. Barasa ni mtu wa mizaha, tukadhani ni mzaha. Kisha akaanza kuvuta mablanketi kuyatoa, anasema anaungua, na ulimi wake ni mzito kama wa mlevi. Hapo kicheko kilikatika. Nilimshika mkono nikahisi nimeshika nyama baridi ya buchari asubuhi.

Mama Muthoni, mwelekezi wetu, alikuja mbio. Hakuuliza Barasa anaumwa wapi. Alipitisha mkono chini ya mgongo wake, kati yake na godoro, akautoa, akatuangalia kwa macho ambayo sijayasahau.

"Nani amemlaza kwa hii?"

Akanielekezea kidole.

"Njoo, msichana. Weka mkono hapa."

Niliweka. Juu, mablanketi saba. Chini, godoro lilikuwa baridi kama chupa ya maji iliyotoka kwa friji.

"Mnamfunika juu kama marehemu," alisema, "na chini ardhi inamnywa. Leteni hizo sponji zenu. Zote! Na mwageni hiyo mikoba."

Tulileta chapati zetu. Tulizipanga moja juu ya nyingine, na mikoba mitupu chini yake. Tukamvua shati lililolowa, tukamvalisha nguo kavu, tukamweka juu ya sponji, kisha mtu akalala kila upande wake. Mimi nilikuwa wa kushoto. Mama Muthoni alitukataza kumpa chai mpaka aweze kumeza vizuri. Nilikuwa namhesabia pumzi nikifikiria nitamwambia nini nyanya yako. Kisha akaanza kutetemeka tena, na Mama Muthoni akakaa chini, akasema, "Asante Mungu." Kutetemeka kulikuwa ndiyo habari njema: mwili ulikuwa umeanza tena kujipasha joto. Asubuhi tulimteremsha kwa machela. Hakuna hata mmoja wetu aliyefika kileleni.

Kinachonikasirisha mpaka leo ni kwamba watu wetu wanalijua jambo hili. Ukienda matangani kwetu magharibi, mkilala nje, nyanya hatandiki shuka kwanza. Anatandika majani makavu, gunia, kisha ngozi, ndipo shuka. Mtoto mdogo anajua hivyo. Lakini tukipewa kitu cha dukani, kinene na cha rangi, tunaona akili za nyanya ni za kizamani.

Sasa sikia. Unene si joto. Hewa tupu ndani ya godoro inazunguka, inachukua joto lako inalipeleka chini. Na mfuko wako wa kulalia, hata uwe wa bei gani, ukiulalia unagandamizwa, upande wa chini haubaki na kitu. Kinachokukinga ni kile unacholalia. Tafuta godoro la safari lenye kinga ya baridi ndani yake, na utazame herufi R na namba yake, huandikwa juu ya godoro lenyewe au kwenye mfuko wake. Namba ikipanda, baridi inazuiwa zaidi. Kwa Mlima Kenya usishuke chini ya nne. Muuzaji asipojua R ni nini, toka hapo, usibishane naye. Wanaokodisha vifaa vya mlima wanayo. Chini yake weka mkeka wa sponji, kwa sababu namba hizo hujumlishwa, na godoro likitoboka utakuwa na kitu. Lisiwe jembamba la kukuacha mabega nje. Ukilijaza, tumia mfuko wake wa kujazia hewa, usipulize kwa mdomo, unaingiza unyevu. Na kabla ya kusafiri, lilaze kwenye simiti ya nyumba yenu alfajiri, ulale kwa ubavu, bila blanketi. Nyonga ikihisi sakafu, rudisha.

Shati likilowa, badilisha kabla ya kuketi. Na mwenzako akiacha kutetemeka huku anaongea upuuzi, usicheke.

Kesho asubuhi nakuja. Nikilikuta hilo la bluu, safari hakuna, na mama yako aninunie akitaka. Nitakupeleka mwenyewe tukakodi lingine.

Kisha nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kwenye mawe na matope, akulaze pakavu, akufikishe kule juu ambako mimi na mjomba wako hatukufika. Ukiona jua linatoka, tuangalilie na sisi. Amina.