Sweta ya Mkwe Aliyekumbatia

Mama yangu hufuma sweta za shule pale Otonglo, Kisumu, na ukimwambia afume kwanza kipande kidogo cha kupimia, atakutazama kama mtu aliyemwambia aonje maji kabla ya kuyachemsha. "Mpishi mzee hapimi chumvi kwa kijiko," husema. Kazi yenyewe ni ndogo tu. Unafuma kipande cha kutosha kiganja, unalaza rula juu, unahesabu vitanzi. Hapo ndipo unajua kama sweta itamkaa mwenyewe au itamkaa mtoto wake.

Kwa sweta za shule hana shida, mkono umeshazoea. Shida ilikuja na mume wangu.

Huyu bwana alilelewa Nakuru mjini. Kwetu Wajaluo mkwe na mama mkwe hawagusani. Husalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama pembeni. Nilimweleza hayo yote siku nilipompeleka nyumbani mara ya kwanza, garini, tangu tulipopita Awasi mpaka tunashuka, naye akiitikia tu, "sawa, sawa." Tukafika, mama akatokea mlangoni, na bwana akafungua mikono akamkumbatia. Mama alisimama kama mti. Shangazi zangu walikimbilia jikoni kucheka, na mimi nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Tangu siku hiyo mama alimwita "yule mtu wako." Si mkwe, si baba nani, ni yule mtu wako. Iliniuma sana, maana niliwapenda wote wawili na sikutaka kuishi katikati yao kama ukuta.

Kwa hiyo mama alipoambiwa kwamba mtu wangu anafanya kazi Kericho na baridi ya huko inamtesa, akasema, "Lete vipimo vyake," moyo wangu ulitulia. Yeye mwenyewe kumpima hawezi, hilo halisemeki hata kwa mzaha. Nilimpima mimi, kifua, mabega na mikono. Na kwa kuwa uzi ulikuwa mgeni kwake, mama alikubali kufuma kile kipande, akisikiliza kwaya redioni na kumteta mchungaji na jirani. Nikalaza rula. Vitanzi vilikuwa sawasawa, nikarudi kwangu nikiimba.

Sweta ilivaliwa Krismasi, sebuleni. Mama aliketi karibu na mlango, uso ameuelekeza kwenye kalenda ya ukutani. Bwana akaingiza kichwa, akaingiza mkono mmoja, wa pili ukapigana kidogo nao ukaingia. Huo wa pili uliishia chini kidogo ya kiwiko, na kitovu kilibaki nje na shati lake. Kuivua pale hakuwezekani, kwani mwanaume hujivua nguo mbele ya mama mkwe? Akaketi nayo katika joto lile la Kisumu, akihema kama samaki kwenye karai.

"Asante, mama," alisema. "Imenikaa vizuri sana."

Mama hakugeuka, lakini niliona mabega yake yanaanza kutikisika kwa kicheko. Mwishowe alijifunika uso kwa leso akatoka nje. Shangazi mmoja nami tulimpeleka mgonjwa nyuma ya nyumba tukamvuta kutoka kwenye ile sweta, mmoja huku na mwingine kule.

Nililaza rula tena. Vitanzi vilikuwa vimekazwa vikabanana, havikufanana kabisa na vya kile kipande. Nikamfuata mama jikoni.

"Ulipofuma hii ulikuwa unawaza nini?"

Alikoroga mboga kwanza. "Ile siku ya mlangoni."

"Kila kitanzi?"

"Mgongo wote," alisema. "Na mkono mmoja."

Aliifumua yote, akaosha uzi, akautundika kwenye kamba mpaka ukanyooka. Safari hii hakuna aliyemwambia afume kipande cha kupimia, alikileta mwenyewe. Nikahesabu, nikahesabu tena. Vitanzi vilikuwa vimelegea kuliko hata vile vya siku ya kwaya.

"Mama, ukifuma hivi itakuwa kubwa. Mabega yatamwagika."

"Wacha yamwagike, nyathina, mwanangu," alisema, akianza mstari wa kwanza. "Mkwe wangu ni mtu wa kufungua mikono."