Kasri Lisilo na Paa

Mama yangu amezaliwa Dodoma, ameolewa Dodoma, na mlango wake wa nyuma unatazama shamba la zabibu. Sasa niambie, ni mtu wa akili gani anayemleta mama wa namna hiyo Kanada, halafu anamtoa Toronto mwendo wa saa nzima na ushee kwenda kumwonyesha zabibu? Ni mimi.

"Umenipandisha ndege mbili," akasema, akiitazama mizabibu iliyojipanga mpaka macho yanapokomea, "nije nione zabibu."

"Hizi ni za mvinyo, mama."

"Na zetu ni za uji?"

Mume wangu alicheka mpaka akaegemea usukani. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye maghala ya uwanja wa ndege, kwa hiyo alituteremsha, akalaza kiti, akalala. Tukabaki mimi na bibi huyu aliyevaa koti langu la baridi na kanga juu yake, tukashika njia ya kwenda kwenye magofu ya kasri.

Nilikuwa na langu moyoni. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Jumanne, nami nilitaka aiahirishe, akae nasi japo mpaka mwakani. Nilipanga hivi: zabibu zimlainishe, msitu umchoshe, kasri limshangaze, halafu niombe. Nikambebea mkoba, nikamsifia kanga, nikammiminia chai ya tangawizi kabla hajaitaka. Lakini mama si mtoto.

"Leo una adabu sana," akasema. "Sema shida yako."

Nikasema sina shida.

Msituni mambo yakaharibika. Mimi namwonyesha majani yanavyoanza kuwa mekundu, yeye anatazama chini. "Jamani, kuni zote hizi!" Akaokota kijiti, akaokota kingine. Nikamwambia huku hatupikii kuni, tunakaa ghorofani. Akasema mtu haingii porini akatoka mikono mitupu kama mwizi aliyefukuzwa. Wazungu wenye fimbo zao za kutembelea wakawa wanatupisha kwa heshima. Mama akawasalimia wote kwa Kiswahili, na wote wakaitika, sijui waliitika nini.

Tulipofika alikuwa na mzigo wa kuni kichwani. Akasimama. Kuta za mawe, madirisha matupu, juu hakuna paa, ndani kumeota mti. Nikasubiri ashangae.

"Maskini," akasema. "Na huyu naye fundi alimkimbia?"

"Mama, haya ni magofu! Tajiri mmoja alijenga zamani, akafa."

"Aa. Mimi nikadhani mwenyewe yuko ughaibuni."

Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka. Nina nyumba Dodoma, jirani kabisa na kwake, imekomea kwenye linta, haina paa, tangu mwanangu wa kwanza yuko tumboni.

"Yako ina mti mkubwa kuliko huu," akaongeza, akazitua kuni na kuzikalia.

Basi nikaona liwalo na liwe. Nikamwambia asiende. Nikamwambia nyumba yetu inakuwa nyumba akiwemo yeye, kwamba nikitoka kazini nikisikia harufu ya kitunguu kwenye korido, nusura nikimbie kama mtoto aliyetoka shule. Sikuwa nimepanga kusema hayo, yalitoka tu.

Alinisikiliza huku akimenya yai alilolichemsha asubuhi.

"Kila Jumamosi nafagia nyumba yako," akasema. "Watu wakipita huniuliza, mwenyewe anarudi lini? Nawaambia, yuko njiani. Sasa nikikaa huku, nani atawajibu?"

Machozi yakanitoka, mtu mzima mimi, mbele ya watalii na fimbo zao. Mama akaligawa yai, akanipa nusu.

"Usilie, mwanangu," akasema. "Ezeka."