Sahani Iliyoguswa na Mishkaki

Nilishuka basi lililonitoa Tanga njaa imenipanda kichwani. Nikapita mtaa wa Kibokoni, nikanunua mishkaki mitano, nikafungiwa kwenye gazeti, kisha nikaingia mkahawa wa Kihindi kutafuta chai na bajia. Ukutani paliandikwa kwamba hapo hapaliwi nyama. Nani husoma kuta akiwa na njaa? Nikaifungua mishkaki yangu, nikaipanga juu ya sahani ya bajia.

Mama mwenye mkahawa alinijia mbio kama aliyeona nyoka.

"Dada, toa hiyo nje. Nyama haiingii humu."

"Mama, hii ni halali. Imechinjwa kwa bismillahi."

"Kwako halali. Kwangu toa."

Nikaitoa. Kilichonichoma moyo ni ile sahani. Hakuiosha. Aliishika kwa kipande cha karatasi, akaitosa kwenye pipa la taka mbele ya wateja wote, pamoja na bajia na chatne yake, kana kwamba uchafu ni mimi. Nilimtolea maneno yasiyoandikika, nikaondoka.

Hasira hiyo nilirudi nayo hadi Tanga. Nilipoingia uani, jirani yetu kutoka bara alikuwa akifua. Aliponiona akainamisha uso. Mwaka jana aliazima sufuria yangu, akapikia nyama ya nguruwe, hakujua kwetu ni haramu. Alipogundua alikuja mbio kuniomba radhi. Niliitupa sufuria jalalani akitazama, na mkononi ameshika sabuni ya kuioshea.